Gramu Mia Mbili za Shingoni

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Cheche, na wengi walidhani ni kwa sababu ya kazi yake ya kuchomelea. Si kweli. Jina hilo alilipata siku mteja mmoja alipothubutu kumwambia kwamba geti lake limekaa upande, kumbe kilichopinda ni nguzo aliyoisimamisha mteja mwenyewe. Walioshuhudia wanasema yule bwana aliondoka akiwa ameliomba radhi hadi geti.

Alikuwa mtu wa hasira, tusifichane. Lakini haikuwa hasira ya bure. Alikasirika na bomba lililoandikwa milimita mbili kumbe ni moja na nusu. Alikasirika na mafundi wanaopaka rangi juu ya kutu halafu wanalala usingizi wao vizuri tu. Zaidi ya yote alikasirika na neno "nyepesi". Mteja akilitamka, karakana nzima ilinyamaza, na mdogo wake wa kiume, aliyekuwa akisuka magurudumu ya baiskeli kwenye kona ya dirishani, alianza kupiga mluzi ili asicheke.

Huyo mdogo wake ndiye chanzo chenyewe cha hasira hiyo. Miaka ishirini na saba nyuma, Mama Cheche akiwa ndiyo kwanza ameanza kushika mashine, alimtengenezea ngazi kwa ajili ya kibarua cha kupaka rangi majumba. Akatumia bomba nene. Mdogo mtu akalalamika kwamba itamng'oa bega kabla hajafika kazini. Dada akamhurumia, akatengeneza nyingine ya bomba jembamba. Ikashika mwezi mzima. Siku ilipokatika, mpanda ngazi alikuwa amefika usawa wa dirisha la ghorofa ya pili. Mguu wa kulia uliungwa vibaya, na tangu hapo anatembea kama mtu anayeshuka kidato ambacho hakipo. Yeye mwenyewe huufanyia mzaha mguu huo. Dada yake hajawahi kucheka hata siku moja.

Sasa mtu wa namna hii akajaliwa binti mmoja, na binti akapenda mchezo wa kushuka milima kwa baiskeli. Hapandi, anashuka tu, tena juu ya mawe na mizizi, akiruka makorongo kwa mwendo ambao mwenye pikipiki angeshuka akaikokota. Mashabiki walimwita Kishada, kwa jinsi alivyokaa hewani muda mrefu. Mama yake hakulitamka jina hilo kamwe. Hakumkataza kucheza, kwa sababu alijua fika kwamba akikatazwa ataazima baiskeli ya mtu mwingine. Alimwambia tu kwamba akitaka kushuka, atashuka na chuma cha nyumbani.

Kuijenga baiskeli hiyo kulichukua miezi minne, na miezi yote minne waligombana. Binti alikuwa akitoka kazini kwake, kwenye duka la kuchapisha mabango na stika, anakuja moja kwa moja karakana na mizani ndogo ya jikoni, anapima kila kitu, hadi bolti.

"Mama, tairi hili peke yake ni kilo na robo!"

"Na jiwe likikupasulia hilo jepesi lako, utashuka na nini? Na maombi?"

"Wenzangu wote wanatumia jepesi."

"Wenzako wana mama zao."

Lakini Mama Cheche hakuwa mbishi wa kubisha tu. Aliwaza kila kipande kinabeba nini, na penye haki alikubali. Kiti walikipunguza, maana mtu wa kushuka mlima anasimama mwanzo hadi mwisho, kiti hakioni kazi. Gia wakaondoa nyingi, kwa kuwa mtu anayeteremka hahitaji gia za kupandia. Mjomba mtu naye akasuka gurudumu la mbele kwa spoku nyembamba kidogo, akaapa kwa mguu wake mbovu kwamba litashika. Mahali pamoja tu mama hakutaka hata kusikia, napo ni shingoni, pale bomba la usukani linapoungana na bomba la juu na la chini. Kila baiskeli inapotua kutoka hewani, kishindo chote kinaishia hapo. Aliikaza kwa vipande viwili vya bati nene, kila kimoja ukubwa wa kiganja, kushoto na kulia. Wao waliviita mashavu.

"Mashavu hayo ni ya geti," binti alisema.

"Ni ya shingo yako. Siyagusi."

Mwisho wakaafikiana: kilo kumi na saba na gramu mia nne. Wakapeana mikono, mjomba akiwa shahidi. Wiki mbili baadaye binti akashuka mlima kwenye mashindano, akawapita wote kwa chini ya sekunde moja.

Jumatatu yake mwenye duka la vipuri, aliyemdhamini binti kwa matairi, aliingia karakana asubuhi na vijana wawili waliotaka baiskeli kama ile ile. Mama Cheche alikuwa na furaha, jambo ambalo kwake lilionekana kwenye nyusi tu. Baiskeli ilikuwa imeegeshwa pale tangu jana, bado ina matope. Akaifuta, akaining'iniza kwenye mizani ya ndoano ili wateja wajionee wenyewe. Mizani ikasoma kilo kumi na saba na gramu mia mbili.

Wateja wakafurahi. Mama Cheche hakufurahi.

"Mizani hiyo imechoka," alisema mwenye duka.

Mizani haikuwa imechoka. Alining'iniza mfuko wa misumari wa kilo tano ambao haujafunguliwa, ikasoma tano kamili. Gramu mia mbili ni kikombe cha chai, mtu mwingine angekunywa akasahau. Yeye aliijenga ile baiskeli, na alikuwa na hakika kwamba kuna kitu kimetolewa. Akapima matairi, yako sawa. Akapitisha sumaku kwenye kila bolti aone kama kuna iliyobadilishwa kwa ya aluminiamu. Sumaku ikanasa zote. Kona ya dirishani mluzi ukakatika, na safari hii hapakuwa na kicheko cha kuzuia.

Kilichobaki kilikuwa stika ya duka la vipuri, ya manjano, kubwa kupita kiasi, iliyozungushwa shingoni ikafunika mashavu yote mawili. Mama Cheche akaingiza ukucha pembeni, akaivuta taratibu.

Matundu saba shavu la kushoto. Matundu saba shavu la kulia.

Kilichompandisha hasira zaidi ni kwamba yalikuwa matundu mazuri. Yamepangwa kwa bikari, nafasi zimelingana, kingo zimepitishwa tupa hadi kidole hakikwaruziki, na chuma kilichobaki wazi kimepakwa rangi kisishike kutu. Mtu mmoja tu duniani alikuwa amefundishwa kutoboa chuma hivyo, na aliyemfundisha ni yeye mwenyewe, kwenye meza ile ile, tangu binti akiwa na miaka kumi na miwili. Alitamani yangekuwa ya hovyo. Angalau angepata wa kumtukana.

"Lakini yamependeza," mwenye duka alisema, akiwa hajui amesimama wapi. "Mimi hao vijana wangu uwatengenezee na matundu hayo hayo."

"Toka."

"Mama, mimi ni mteja…"

"Toka na vijana wako kabla sijakutoboa wewe."

Wakatoka. Mama Cheche akaondoa rangi ya mashavu kwa msasa, akapaka mafuta ya taa kwa kitambaa, akakausha vizuri, akasugua chaki nyeupe juu yake. Akavuta kibao akakaa kusubiri. Kama chuma ni kizima, chaki inabaki nyeupe. Kama kina ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanarudi juu na kuuchora. Baada ya dakika chache mstari mwembamba ukajitokeza kutoka tundu la tatu la kushoto, ukielekea kwenye bomba, urefu wa ukucha wa kidole gumba.

Binti alipoingia saa ya chakula cha mchana, bado amevaa aproni yenye wino, aliiona stika sakafuni kabla hajamwona mama yake.

"Nitakueleza," alisema.

"Weka kidole hapa."

"Mama…"

"Weka kidole!"

Akaweka. Alifundishwa vizuri, hakuhitaji kuambiwa anagusa nini. Rangi ikamtoka usoni, lakini kidevu hakikushuka.

"Ilishika," alisema.

"Ilishika! Hata ngazi ilishika mwezi mzima!" Sauti ilifika hadi ng'ambo ya barabara, kwa fundi viatu. "Ungeshuka mara ngapi tena? Mbili? Tatu? Unajua shingo ya baiskeli ikikatika hewani mtu anatua na nini? Anatua na yake! Tulipeana mikono, mimi na wewe. Umenichukulia kazi yangu, ukaitoboa, ukaifunika na stika, ukanipa mkono wa pongezi jana mbele ya watu!"

"Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo!"

"Basi ndiyo maana sikukuambia! Nimeshinda kwa chini ya sekunde moja, Mama. Wewe ulinitengenezea baiskeli ya mtu atakayeanguka. Mimi nilikuomba ya mtu atakayeshinda."

Mama Cheche alichukua grainda ya kukatia chuma, akavuta miwani machoni, akaikata ile fremu nyuma ya shingo, bomba la juu kwanza, kisha la chini. Haikuchukua hata dakika mbili. Miezi minne yote ikaanguka sakafuni, vipande viwili. Binti alilia kwa hasira, machozi yakimdondoka bila yeye kuyafuta.

"Wiki ya tano kuanzia leo kuna mashindano," alisema. "Nitaazima."

"Kaazime."

"Dada," alisema mdogo mtu kutoka dirishani. "Inatosha."

Ndipo alipogeuziwa macho yeye. "Na wewe! Drili ya kufikia pembe ile unayo wewe tu. Wewe, kati ya watu wote! Na mguu huo!"

"Aliniazima, nikatoa. Nilimwambia akiyakaribianisha mno matundu bati litapasuka, akayaachanisha. Nilikosea, nimeona." Akaweka gurudumu chini, akasimama, na kusimama kwake kulikuwa kazi. "Lakini usiutaje mguu wangu. Ngazi nyepesi niliiomba mimi, nikiwa mtu mzima na akili zangu, nikaipanda mimi. Miaka ishirini na saba hujaniuliza hata siku moja naionaje habari hiyo. Umeamua ni yako. Mguu nimeshauzoea, dada. Kinachonichosha ni wewe kuuangalia kila ninapopita."

Hasira ya Mama Cheche ikazidi. Aliliona kosa la kila mtu mle ndani, na hakupata pa kulishikia. Akavua miwani, akachukua barakoa yake ya kuchomelea mezani, akamrushia binti kifuani.

"Itengeneze mwenyewe. Bomba utachagua wewe, bati utachagua wewe, matundu ukitaka toboa ishirini. Sishauri, sikagui. Ukivunjika, umevunjika kwa mkono wako."

Binti aliikumbatia ile barakoa kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake. Alishachomelea mageti na madirisha mengi, lakini hakuna hata moja lililowahi kutoka pale bila jicho la mama kupita juu yake.

Alikuja kila siku baada ya kazi kwa siku sita. Mama Cheche alihamishia shughuli zake barazani, akapiga nyundo nondo za madirisha ya watu ambazo hazikumkosea chochote. Hakuingia. Masikio ndiyo aliyoshindwa kuyazuia. Mashine ikiunguruma sawasawa alijua mshono unaenda vizuri. Siku ya tatu iliunguruma kwa kukatakata, akajua mkono unatetemeka na waya wa kuchomelea uko mbali mno na chuma. Alinyanyuka, akafika mlangoni, akauma ulimi, akarudi kukaa. Ndani binti akausaga ule mshono wote, akaanza upya. Mara mbili alisikia maswali yakiulizwa kwa sauti ya chini, na mjomba akijibu, "Mimi sijui, mama. Wewe unaonaje?"

Siku ya sita binti alitoka na fremu mikononi, bado haina rangi, akaiweka juu ya benchi la barazani. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi.

Mama Cheche aliigeuza, akatafuta kosa. Alipitisha kidole kwenye kila mshono wa shingo, juu, chini, na ndani ya pembe ambako wavivu hawafiki. Mashavu yalikuwepo, hayana tundu hata moja. Kisha akainyanyua kwa mikono miwili, akasita, akainyanyua tena. Bati la mashavu lilikuwa nene kuliko lile alilotumia yeye. Bomba la chini pia.

"Hii imezidi ile yangu," alisema.

"Najua."

"Utashindaje na mzigo huu?" Hasira ilimpanda upya, ile ile ya kila siku, na sauti ikamfikia tena fundi viatu. "Miezi minne umenipigia kelele kwa ajili ya bolti! Mashavu ya nini manene hivi? Hapa nyuma kona hii haibebi chochote, nipe tupa. Gramu hamsini zinatoka hapa bila madhara."

Binti alichukua ile tupa kutoka benchini, akaificha nyuma ya mgongo.

"Usiiguse, Mama," alisema. "Ni shingo yangu."

Mama Cheche alibaki amenyoosha mkono. Alimtazama binti yake, kisha akamtazama mdogo wake aliyesimama mlangoni, na safari hii macho hayakushuka kwenye mguu. Akaurudisha mkono, akauliza wanaipaka rangi gani.