Breki ya Nyuma Niliyomnyima Dada Yangu

Mimi ndiye mwenye kosa. Naanza hivyo kabla sijabadili mawazo. Watu wamelaumu mvua, wamelaumu barabara ya Mahenge, na dada yangu anajilaumu mwenyewe mpaka leo. Jamani, si mvua! Ni mimi!

Nisikilizeni, maana hili sijamwambia hata padri.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Ifakara, fundi wa kujifunzia kijiweni. Dada yangu ni mwalimu. Nitamwita Tekla, ingawa si jina lake. Baba alipofariki, ni yeye aliyenishika mkono mpaka nikamaliza darasa la saba, na nilipofeli hakunisimanga hata siku moja. Spana za kwanza nilizoshika alininunulia yeye.

Shule aliyokuwa anafundisha ilikuwa nje ya mji, na alikuwa anakwenda kwa miguu. Masika alikuwa anafika darasani ana matope mpaka magotini. Siku moja akaniita. "Mdogo wangu, nitafutie baiskeli kuukuu uifufue. Hela niliyonayo ndiyo hii, jibane humohumo."

Wakati huo baiskeli za gia, zile tulizoziita mauntenbaiki, ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia kwetu, na kijana aliyekuwa nayo alionekana amefika. Mpya bei yake haishikiki. Nikapanda basi mpaka Kidatu, nikampata mfanyakazi mmoja wa mashamba ya miwa aliyekuwa na mbili mbovu nyuma ya nyumba, kuku wanalala juu yake. Nikazibeba zote mbili kwa bei ya chuma chakavu. Nilijiona mjanja kweli!

Fremu ya moja, magurudumu ya nyingine. Gololi nikaziosha kwa mafuta ya taa, cheni nikailoweka mpaka ikalainika. Mambo yakaenda vizuri hadi nilipofika gurudumu la nyuma. Rimu ilikuwa imepinda, kila ikizunguka inasugua raba za breki. Niliinyoosha weee, wapi! Hela iliyobaki ilitosha ama rimu na waya wa breki, ama rangi na kengele.

Mwenzangu pale kijiweni akaniuliza, "Sasa breki ya nyuma unafanyaje?"

"Kwani Ifakara hii mlima uko wapi?" nikamjibu. "Mtu anakanyaga tairi na ndala, inasimama."

Tukacheka sana. Na kweli, wengi tulikuwa tunaendesha hivyohivyo. Kutoka hapa mpaka Mofu hukutani na mlima, utakutana na mpunga tu.

Basi nikang'oa breki ya nyuma, nikanunua rangi ya kijani kibichi na kengele. Laiti ningeishia hapo! Kile kishikio cha breki ya nyuma nilikiacha kwenye usukani ili baiskeli ionekane kamili. Tena nikaufunga waya wake wa zamani kwenye fremu na kuuzungushia utepe, ili ukikibana kikaze kama chenye kazi. Breki ya mbele nikaiwekea raba nilizochonga kwenye tairi kuukuu la gari, zinazoteleza zikilowa maji.

Dada alipoiona alipiga kelele kama mtoto. Akazunguka nayo uwanja mzima huku anagonga kengele, mama anapiga vigelegele mlangoni na majirani wanachungulia. Akashuka, akanishika mikono yangu ikiwa na grisi vilevile. "Mungu akubarikie hii mikono," akasema. Nikavimba kichwa. Hakuniuliza habari ya breki, na mimi sikumwambia.

Aliiendesha hapa bondeni zaidi ya mwaka, salama salimini. Mpaka nami nikasahau.

Halafu akahamishiwa shule ya huko Mahenge. Mahenge, jamani! Asiyepajua aelewe kwamba ukishavuka mto kwa pantoni na kuipita Lupiro, mbele yako ni kupanda tu. Na kinachopanda kitashuka.

Siku ya safari nilimsaidia kubeba mizigo mpaka kwenye lori. Nilimwona utingo anaipandisha baiskeli ile juu ya magunia. Dada akamwambia, "Taratibu, kaka, hiyo katengeneza mdogo wangu kwa mikono yake!" Watu wakanigeukia. Maneno yalinifika hapa kooni. Ningesema tu, "Dada, iache, haina breki ya nyuma." Sasa niseme mbele ya watu kwamba nilimdanganya? Aibu ikanibana, nikapunga mkono, lori likaondoka.

Nikajituliza moyo kwamba nitapanda Mahenge nikamfungie. Na waya niliununua, na rimu nzuri nikaipata. Vikaning'inia kwenye msumari chumbani kwangu. Leo kuna kuvuna, kesho kuna kupura, keshokutwa kuna mechi na vijana wa Mchombe. Bora liende, nikasema.

Jumapili moja mvua ilinyesha huko juu. Dada alikuwa anatoka kanisani, anateremka. Lile lori lililompeleka ndilo lililomrudisha, amelazwa juu ya godoro, nyonga imevunjika na goti limesagika.

Nilikimbia mpaka hospitali. Nilipoingia wodini alinitazama, machozi yakamtoka. Mnajua alisema nini?

"Nisamehe, mdogo wangu. Nimeiharibu baiskeli yako."

Mama yangu mzazi! Nilitamani ardhi ipasuke.

"Nilibana breki zote mbili na haikusimama," akaendelea, "lakini nadhani nilichanganyikiwa, nikabana vibaya. Ni papara zangu tu. Wewe uliitengeneza vizuri."

Nilifungua mdomo. Naapa nilitaka kusema. Mara mama akaingia na chupa ya uji, akaanza kulia, nami nikaupokea uji ule, nikaanza kumnywesha dada.

Baiskeli ilipoletwa nyumbani, nilifanya ubaya mwingine. Niliifungua yote kabla fundi mwingine hajaiona. Ule waya wa zamani niliokuwa nimeuzungushia utepe niliufukia. Kishikio nilikitumbukiza ndani ya kopo la gololi, na kipo humo mpaka sasa.

Mguu wa dada uliungika ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Alikuwa ameshachumbiwa na mwalimu mwenzake, barua imejibiwa, mama ameshaanza kusuka mikeka ya harusi. Ndugu wa yule bwana walikuja kumpa pole, wakaona anavyotembea, wakanong'onezana uani. Baada ya muda mshenga akarudi peke yake. Alitusalimu vizuri, akanywa maji, akazunguka kwa maneno mengi, mwisho akasema kijana wao bado hajajipanga. Dada alimsindikiza mpaka njiani, anachechemea, anamshukuru! Aliporudi aliikunja mikeka ile, akaiweka juu ya dari. Hajaolewa hadi leo.

Mnaona gharama ya kopo la rangi ya kijani?

Amerudi kufundisha hapa mjini. Naishi naye nyumba moja, tunakula sahani moja, na kila anapoinuka kwa kushika ukuta nageuza uso. Akijua nina huzuni ananitania, "Fundi wangu, nani kakukwaza?" Nachukua spana zangu, natoka.

Kilichonishinda ni cha juzi. Nilimpelekea chaki zake alizosahau nyumbani, nikasimama nje ya dirisha la darasa. Watoto wawili walikuwa wamegongana wakikimbia. Dada aliwasimamisha wengine wote, akawaonyesha mguu wake. "Nitazameni mimi," akawaambia. "Huu ndio mguu wa mtu mwenye papara." Watoto wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Mimi niliziweka chaki kwenye dirisha nikaondoka nalia njia nzima, mtu mzima na ndevu zangu.

Mafundi wenzangu, mnaofufua baiskeli za watu kwa hela ndogo, nawaomba. Umaskini si kosa. Kama breki haipo, sema haipo! Acha fremu iwe na kutu, acha kengele, mwambie mwenye mali yake ukweli naye ataamua. Na wewe uliyeficha kitu ukajiambia utakirekebisha ukivuna, weka jembe chini uende leo. Mimi waya wangu bado uko kwenye msumari.

Jina langu sikuliweka, lakini dada yangu husoma gazeti hili mpaka matangazo ya vifo. Dada, ukifika kwenye ile rangi na ile kengele, utajua ni nani anayeandika. Niko uani, sijaenda popote. Njoo unipige, unifukuze, unitemee mate, nastahili yote. Lakini usiwaambie tena watoto maneno yale.

Hukuwa na papara. Ulibana vizuri, dada. Breki haikuwepo.