Sponji Niliyoiosha Ikawa Nyeupe

Kwa zaidi ya miaka thelathini nimenyonya vyoo vya Nairobi, na sisemi hivyo ili unihurumie. Nilitoka Kitui na darasa la nne, nikaanza na ndoo na kamba, nikaishia na gari langu mwenyewe lenye tangi na mpira mrefu wa kunyonyea, na nyumba ya mawe hapa Waithaka ambayo hakuna aliyenisaidia kuijenga. Binti yangu, ambaye ofisi yake ina zulia, huwaambia watu kwamba baba yake alikuwa kwenye mambo ya mazingira. Sawa. Mazingira yenyewe yalinifika magotini.

Kwa hiyo alipoleta tangi la kioo lenye samaki wawili wa dhahabu, akaliweka sebuleni kwangu na kuniuliza kama nitaweza, nilicheka. Nimelea watoto sita. Samaki ni nini?

Samaki walikuwa wa mwanawe, mjukuu wangu wa miaka tisa. Alikuwa ameanguka kwenye ngazi za shule akavunjika mfupa wa paja, akalazwa hospitali Upper Hill. Madaktari walikuwa wamempasua mara moja na walisema watampasua tena Alhamisi ya wiki iliyofuata. Wazazi wake walishinda wodini, na nyumba yao ya Westlands ilibaki bila mtu.

Mtoto alikuwa ametuma karatasi ya maagizo. Ilikuwa ya Kiingereza, kwa sababu siku hizi watoto wetu hata orodha ya nyanya na vitunguu wanaiandika kwa Kiingereza. Mimi Kiswahili nasoma vizuri. Kiingereza nakisikia, lakini kikiandikwa kinanitoroka, na hilo sikuwa nimemwambia mtu. Nikaishika karatasi mbali na macho, nikatikisa kichwa kama mtu anayekubaliana nayo.

"Imesema nini?" mke wangu akauliza.

"Mambo ya kawaida."

"Kama yapi?"

"Wapewe chakula. Wawekewe maji."

"Maji wanayo, Mzee."

"Basi unaona tumeshamaliza nusu."

Nikaitia ndani ya Biblia, pamoja na karatasi nyingine zote ninazokusudia kuzisoma.

Kila siku saa kumi mtoto alipiga simu ya picha. Hakuniuliza habari ya mgongo wangu wala ya nyanya yake. Alitaka niisogeze simu kwenye kioo. Aliwaangalia wale samaki, mmoja mwekundu mzima na mwingine mwenye doa jeupe mgongoni, mpaka muuguzi alipokuja na dawa. Mama yake aliniambia ndiyo saa pekee ambayo halii.

Jumamosi watu wa kanisa walikuwa waje kumwombea mtoto nyumbani kwangu. Asubuhi nikalitazama lile tangi. Maji yalikuwa na ukijani. Kulikuwa na kijisanduku chenye pampu inayovuta maji na kuyapitisha kwenye sponji, na sponji ilikuwa imeshika tope la kahawia ambalo mimi, kwa kazi yangu, sikuhitaji kuambiwa ni nini. Ngoja nikueleze kitu. Mtu wa kazi yangu hawezi kuwa na uchafu sebuleni. Nyumba yako inaweza kunuka kidogo, watu waseme ni mvua. Yangu ikinuka watasema ni mimi.

Nikawahamisha samaki kwenye karai. Nikamwaga maji yote. Nikasugua kioo na mawe kwa brashi. Sponji nikaimwagia maji yanayochemka, nikaikamua, nikarudia mpaka ikawa nyeupe kama pamba. Siku hiyo maji ya mfereji yalikuwa yamekuja, nikajaza tangi, halafu nikaongeza matone manne ya dawa ya maji ya kunywa, ileile tunayotumia sisi. Sikutaka samaki wa mgonjwa wapate kipindupindu nikiwa hapa.

Wageni walisifu.

"Mzee, haya maji hata mimi nakunywa," akasema mzee mmoja wa kanisa.

Tulipoanza kuomba, samaki wakapanda juu, wakawa wanafungua na kufunga midomo. Mama mmoja alifungua jicho moja akawaona.

"Jameni, hata hawa wanaomba na sisi!"

Tukasema amina kwa nguvu zaidi.

Jumapili saa kumi simu ikalia. Nikaisogeza kwenye kioo. Samaki walikuwa bado juu, bado na ile ibada yao.

"Babu, hao wanatafuta hewa," mtoto akasema. "Umeosha sponji?"

"Nimeisafisha vizuri sana."

"Na maji?"

"Mapya yote. Na dawa nikaweka."

Kisha akaniambia, polepole, kama anayeongea na mtoto, kwamba ndani ya sponji kulikuwa na wadudu wadogo wasioonekana, na kazi yao ilikuwa kula sumu inayotoka kwa mavi ya samaki. Nimewaua. Sasa samaki watakaa ndani ya mavi yao wenyewe, hata kama maji yanang'aa.

Nilikaa chini. Hayo maneno niliyajua. Ni yangu! Nimeyasema kwenye malango ya nyumba kubwa zote za upande huu wa mji, kwa akina mama waliomwaga dawa kali kwenye matangi ya vyoo ili yanukie maua, halafu wananiita kwamba yamefurika. "Mama, humo ndani kuna wafanyakazi. Umewaua wafanyakazi, unataka kazi ifanywe na nani?" Waliniangalia kama mwendawazimu, na niliwadharau kwa kisomo chao chote. Kumbe tangi la samaki ni tangi la choo lenye kioo.

"Babu," mtoto akasema, "wakifa, usiniambie kabla ya Alhamisi."

Nikajaza ndoo maji, nikaziacha wazi ili ile dawa itoke. Nikawanyima samaki chakula ili wasizidishe mavi. Jumatatu nikaenda Westlands, kwenye jengo moja la maofisi lenye tangi la samaki refu kama jeneza pale mapokezi. Shimo la choo la jengo hilo nililinyonya miaka saba kabla ya kustaafu, kila mara kwa lango la nyuma. Safari hii nilisimama lango la mbele nimevaa koti.

Askari akanikumbuka. "Mzee wa mpira! Leo gari iko wapi?"

"Sina gari. Nataka uchafu kidogo."

"Uchafu gani?"

"Wa samaki. Kutoka kwa sponji."

Akawaita wenzake waje wasikie. "Wee! Huyu mzee amestaafu lakini kazi haijamtoka!"

Waache wacheke. Dada anayeshughulikia lile tangi alinielewa haraka kuliko wote. Alinikatia kipande cha sponji, cheusi, kinateleza, wafanyakazi wake wangali hai ndani, akakitia kwenye kopo pamoja na maji yake. Katika teksi nililishika lile kopo kwa mikono miwili. Nimebeba tangi zima la mavi kupita barabara hizi bila wasiwasi, na siku hiyo niliogopa kumwaga kikopo.

Nikakiweka kile kipande kwenye kijisanduku, nikawa nabadilisha maji kidogo kidogo, asubuhi na jioni. Jumatano asubuhi yule mwenye doa alikuwa amelala ubavu. Nikamzika chini ya mgomba.

Saa kumi nikaisogeza simu kwenye kioo. Mwekundu alikuwa akizunguka chini, karibu na mawe. Mtoto aliangalia kwa muda mrefu. Hakuuliza. Na mimi, ambaye najulikana kwa kusema, nilifunga mdomo.

Alhamisi wakampasua, akaamka salama. Jumamosi nikaenda wodini mwenyewe.

"Sasa niambie," akasema.

"Mwenye doa amekufa. Nilimuua mimi, kwa usafi."

Alilia kidogo, akapangusa pua kwa shuka. Mama yake akanitolea macho. Halafu mtoto akauliza kile nilichokuwa nikikiogopa njia nzima.

"Lakini Babu, si nilikuandikia? Uliamua tu kupuuza?"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Ningesema ndiyo, nilipuuza, wazee ni wabishi, na binti yangu angeamini bila shida. Nikatoa ile karatasi kwenye mfuko wa koti.

"Nisomee," nikasema. "Kiingereza sijui kusoma."

Binti yangu akageukia dirisha. Mtoto hakushangaa hata kidogo. Aliikunjua, akanisomea mstari kwa mstari kwa Kiswahili, na mimi nikaandika nyuma ya karatasi ya maagizo ya hospitali, kwa herufi zangu kubwa. Mstari wa kwanza ulisema nisioshe sponji kwa maji ya mfereji. Wa mwisho ulisema nikiwa sijaelewa kitu nimpigie simu, wakati wowote, hatakuwa amelala.