Mke wa Mtoto Mmoja

Ukiwauliza watu wetu, Wapowhatani wa mto Pamunki kule Amerika, juu ya ukoo wa mtemi Otonapo, watakutajia ndugu zake walioshika kiti baada yake, kisha dada yake, kisha wana wa dada yake. Kwetu kiti hupita tumboni mwa mwanamke, hakimfuati mwana wa mtemi. Amosiske hawamtaji. Alikuwa mke tu, na wake Otonapo alikuwa nao wengi kuliko vyungu vyake.

Alichukuliwa akipalilia mahindi ya baba yake. Alipomzaa Tamakus, hata kitovu cha mtoto hakijakauka, mtemi akamwita.

"Umeshanipa mmoja," akamwambia. "Wa pili wa nini? Nenda kwa Pochik, mvuvi wangu. Mguu mmoja mbovu, lakini mikono anayo."

"Na mtoto, bwana?"

"Mlee. Akishajua kulenga nitamtuma mtu aje kumchukua."

Watu wakacheka, maana mtemi akitania ni lazima ucheke. Ndivyo alivyowafanyia wake zake wote: mtoto mmoja, kisha mlango.

Kwetu mama ndiye anayemfunza mwanawe upinde. Kila asubuhi hubandua kuvumwani, ile kama manyoya ya kijani iotayo kwenye gogo, huirusha juu, na mtoto asipoipiga kwa mshale hapati uji. Amosiske aliirusha kombo makusudi, mtoto akose, kisha akampa uji kwa siri nyuma ya nyumba.

"Unamharibu," Pochik alimwambia. "Mwana wa mtemi anakula kwa kuonewa huruma?"

"Nyamaza, ule samaki wako."

Lakini damu ya mtu haizuiliki. Tamakus alijifunza hata kwa mirusho ya kombo. Akishapiga, bila kugeuka, alinyoosha mkono wa kulia nyuma, kiganja juu, na mama akamwekea bakuli. Alipotimiza miaka saba mjumbe akaja. Tangu hapo Amosiske alimwona mara moja kwa mwaka, kwa mbali, alipopeleka mahindi ya kodi.

Kisha likaja jando. La kwetu halina kisu. Mama huleta mkeka, kuni kavu na kuvumwani, vitu vya kuzikia, kwa sababu mtoto anauawa. Makungwi humfungia msituni na kumnywesha dawa ya mizizi mpaka akili imruke, na baada ya miezi hutoka mtu mpya asiye na mama wala utoto. Akionekana anakumbuka, hurudishwa, na wa mara ya pili hawatoki. Tunajua sote kwamba wengi wanakumbuka na wanajizuia. Hilo ndilo jando lenyewe.

Siku vijana walipotoka jandoni, Amosiske alikaa kwenye gogo kando ya uwanja pamoja na Weniske, jirani yake.

"Shoga, mtazame kama unavyotazama mti," Weniske alimwambia. "Wangu mwaka wa tano huu, ananipita njiani."

"Hata mkiwa wawili tu?"

"Hata. Na mimi nashukuru. Yu hai."

Tamakus alipita karibu mno, upinde mkononi, mafuta ya dubu yakimnukia kichwani, upande wa kulia umenyolewa kama wanaume wote. Macho yake yalimpita mama yake kama yanavyopita ua. Alikuwa amefuzu. Amosiske angefurahi, lakini ilimuuma, na mimi hapo simtetei. Alitaka kujua tu, mara moja, kama mwanawe bado yumo ndani yake. Akabandua kuvumwani kwenye gogo alilokalia, akairusha.

Mshale wa Tamakus uliipasua hewani. Na mkono wa kulia ukaenda nyuma, kiganja juu.

Tamakus aliukunja upesi, lakini kungwi mkuu alikwisha kuuona.

"Mkono huo ulikuwa unadai nini?"

"Sijui."

"Mwanamke huyu ni nani?"

"Simjui," alisema Tamakus.

Amosiske alipiga magoti. "Si wangu, baba. Mimi sina mtoto. Nilikuwa nacheza."

"Asiye na mtoto kajifunzia wapi kuirusha?"

Kungwi akamgeukia Otonapo, aliyekuwa anakula chaza mkekani. Mtemi alifuta vidole kwanza. Neno moja lake lingetosha.

"Wanangu ishirini wamesahau," alisema. "Huyu mmoja ana kichwa kigumu. Mrudisheni."

"Bwana, hata kiti chako hakimfikii," Amosiske alilia. "Niachie nife mimi."

"Wewe ufe kwa lipi? Wewe hukuingia jandoni." Watu wakacheka tena.

Kungwi akamwambia Amosiske, "Vya kuleta unavijua."

Akaenda. Alileta mkeka, akaleta kuni, na kuvumwani akaibandua kwenye gogo lile lile mpaka kucha zikatoka damu. Weniske hakumsaidia kubeba. Tamakus alipopitishwa kuelekea msituni alimtazama mama yake kama anavyotazama mti, bila kosa hata kidogo, na hakuna aliyejali tena.

Hakutoka. Amosiske aliishi miaka mingi baada ya hapo, akipika uji kila asubuhi kwa ajili ya Pochik, na yeye mwenyewe hakuugusa. Walipomuuliza sababu alijibu jibu lile lile: mtoto alilenga sawasawa siku ile, na uji hakupewa.