Gome Lenye Mikato Mitatu

Vijana wa kazi yetu siku hizi hukusanya picha na rangi kwenye kompyuta kabla ya kuchora, na kisichowapendeza hukifuta kwa kidole. Nawaonea wivu. Ubao wangu mimi ulikuwa upande wa sanduku la chai, na nilichokibandika kwa gundi ya uji wa muhogo hakikutoka bila kuacha kovu.

Wakati ule wa vijiji vya ujamaa nilikuwa mchoraji wa ofisi moja mjini Tabora. Mkubwa wangu aliagiza picha ya kuhimiza ufugaji nyuki, itundikwe vijijini. Utaratibu wake ulikuwa kwamba kwanza nibandike ubaoni vitu vya huko huko, wenyeji wauone, ndipo nishike brashi. Nikabandika jani la tumbaku la Sikonge, vipande vya kanga, nta, na katikati kabisa kipande cha gome la mzinga, maana huko mizinga hutengenezwa kwa magome ya miti, nilichokuwa nimekiokota msituni siku gari letu lilipopata pancha kwenye njia ya Ipole. Kilikuwa na mikato mitatu ya kisu iliyonipendeza mno. Nilipanga kuichora mikato hiyo kuzunguka picha nzima iwe pambo.

Tukaupeleka ubao Ipole, ukaegemezwa kwenye meza ya darasani. Watu wakasogea, wakacheka kuona kanga kama zao. Kisha mwenyekiti wa warina asali akaligusa lile gome, na kicheko kikakatika.

"Hili umelitoa wapi, mwanangu?"

"Nimeliokota, mzee. Lilikuwa chini."

"Chini ya mti gani?"

Sikujua. Kwangu mimi, mtoto wa mjini, miombo yote ilikuwa mti mmoja. Ndipo nikaelezwa kwamba mikato ile ni alama ya mwenye mzinga, na mzinga wenye alama hauguswi na mtu mwingine, hata ukidondoka ukaoza. Mwaka ule walikuwa wameibiwa asali mara nyingi, na sasa mtu wa ofisini amewaletea alama ya mwenzao imebandikwa ubaoni. Nilimtazama mkubwa wangu anitetee. Akavuta kiti chake kando.

"Mimi niliuona ubao ukiwa umeshakamilika," alisema.

Uongo mtupu. Alisimama nyuma yangu nikibandika. Sijamsamehe mpaka leo.

"Twende akatuonyeshe," mwenyekiti akasema. "Tukikuta mzinga umerinwa, atajieleza polisi."

Tulikwenda kwa miguu, mimi mbele na ubao kichwani, watu kama kumi nyuma yangu. Nilichokumbuka ni kichuguu tu karibu na nilipoliokota gome, na vichuguu vilikuwa vingi. Cha kwanza sicho. Cha pili sicho. Mtu akaguna nyuma yangu. Kwenye cha tatu nikauona mzinga juu ya mti, umepasuka, nusu yake inaning'inia.

Mwenyekiti akapanda mwenyewe. Alikaa huko juu muda mrefu, na hakuna aliyenitazama usoni. Aliposhuka alikuwa ameshika sega kavu lenye utando wa buibui.

"Haujarinwa," aliwaambia wenzake. "Nyuki wamehama wenyewe." Kisha akanigeukia. "Ni wa mdogo wangu. Yeye na watu wa nyumbani kwake walihamishiwa kijiji cha mbali, akaniaga kwamba msimu ukifika atarudi kuurina. Amefia huko huko."

Nilitaka kulia, kwanza kwa kupona, halafu kwa aibu. Nikalibandua gome kwa kisu, nikampa kwa mikono miwili. Ubao ukabaki na kovu jeupe katikati.

"Picha yako ichore," aliniambia. "Mizinga ichore. Alama hiyo usiiweke. Watu wataiona huko vijijini, wadhani mwenyewe yupo."

Niliichora kama alivyosema. Ofisini mkubwa wangu akalalamika kwamba mzinga wa katikati uko mtupu mno, hauna hata pambo. Nilimjibu kwamba mwenyewe hayupo.