Gari la Mwisho la Papa Kasereka

Siku yangu ya kwanza kazini, Butembo, shefu wa garaji alininusisha mafuta ya injini, akataka nimwambie lori lina ugonjwa gani. Nilishindwa. Akacheka, akaniajiri hivyo hivyo. Pua yangu ilijifunza, ikanilisha miaka mingi, Butembo na kisha Rumangabo, mpaka nikahamishiwa Goma, kwa kampuni iliyoleta magari madogo ya umeme. Yalikuwa sita, ya aina moja, na hayakuwa na harufu yoyote. Nilijiona mjinga uzeeni.

Direkta alitufundisha mwenyewe. Betri imelala chini ya sakafu, ni seli nyingi zilizounganishwa, na gari likiteremka mlima, mota huirudishia umeme. Madereva hawakumsikiliza. Walikulia barabara ya Butembo, ambako dereva hodari huachia gia mteremkoni ili aokoe mafuta. Wakaachia hapa pia, umeme usirudi, wakakwama njiani huku watu wakiwazomea. Papa Kasereka peke yake ndiye aliyeshika somo. Alilipenda gari lake waziwazi, akaliosha kila asubuhi kabla ya chai, nasi tukamtania kwamba ameoa mke wa pili.

Mawe ya lava ndiyo yaliyoyamaliza mengine. Jiwe moja likigonga sakafu, seli zinapasuka, na vipuri havikuwa vikifika. Kwa hiyo kila gari lililokufa tulilifungua, seli zake nzima tukawapa wenzake. Watu wa mtaani waliniuliza kila mara yamebaki mangapi, na mimi, Mungu anisamehe, nilijibu kwa majivuno. Mwishowe likabaki la Papa Kasereka tu, nalo likaanza kuchoka kabla ya kufika Kalengera, mwendo liliokuwa likiumaliza bila shida.

“Yaya, unitengenezee,” aliniambia, kwani siku zote aliniita hivyo, ndugu mkubwa.

“Ya kufungua haiko tena.”

“Basi tungojee ingine ikufe.”

“Ingine gani, Papa? Iko yako tu.”

Nadhani ndipo alipoelewa. Mimi nililijua jambo hilo zamani na sikuthubutu kulisema.

Juma lile direkta aliniita. “Fungua ile gari,” alisema. “Seli zenye ziko muzima, peleka ku maternite. Bamama banazalia mu giza.”

Ningekataaje? Nililipandisha gari juu ya vigogo, nikaingia chini kuitoa betri. Papa Kasereka alifungua mlango, akaketi mahali pake, akashika usukani.

“Shuka, Papa, niko natosha betri.”

“Tosha tu. Miye niko kazini.”

Nilifungua bolti zote akiwa juu yangu, nikilia kimya kimya ili asinisikie.

Sasa nimestaafu. Maternite ina taa, na hilo linanifariji kidogo. Vijana wananiambia mengine yatakuja, bora kuliko yale, nami nawaamini. Lakini Papa Kasereka alipewa gari la dizeli akalikataa, akarudisha ufunguo, akaenda zake nyumbani. Tunakutana Jumapili baada ya misa. Hana chuki, ananipa mkono vizuri kabisa. “Bonjour, mekanisiye,” ananiambia, kisha anapita.