Kopo la Kola

Mwaka huu nilitumia unga wa kola, mbegu chungu ya Afrika Magharibi ambayo mwenzangu wa ofisini Dodoma aliniuzia kwa ahadi mbili: inachangamsha mwili na inaua njaa. Ahadi zote zilitimia. Kitambi kilipungua, usingizi ukapotea, nikawa msomi mwembamba anayetetemeka mikono.

Nilipokwenda Hombolo kumwona shangazi aliyenilea, sikumnunulia hata unga wa ugali, kwa kuwa nilitaka kutembea kutoka stendi bila mzigo, kama mazoezi. Nilijua kwamba mvua zilikatika mapema na uwele wake ulikaukia shambani.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Mbona umekonda hivyo, unaumwa?”

“Siumwi. Ni dawa hii.” Nikamwonyesha kopo kwa majivuno. “Kijiko kimoja tu, husikii njaa mpaka jioni.”

Alilipokea, akalinusa. Mikono yake ilikuwa imekonda kuliko yangu, na hakutumia dawa yoyote.

“Kweli huisikii?”

“Kabisa.”

“Basi niachie mimi, baba. Wewe kwako kuna chakula.”

Nilimwachia. Tena nikamwonya asizidishe kijiko kimoja.