Jiwe la Bibi na Nyoka wa Korongoni

Usiku ule usingizi ulinikuta kwenye benchi la hospitali ya wilaya, mgongo ukutani, viatu mkononi. Ndani alilazwa mdogo wangu Yona, mguu umevimba kama gogo, dripu ya dawa ya sumu ikimshukia taratibu. Nyoka aina ya kifutu alimuuma jioni alipokuwa akiziba zizi kwa miiba. Pembeni yangu aliketi Shangazi Lea, kanipa kisogo. Kwenye fundo la khanga yake mlikuwa na jiwe la nyoka, lile jeusi jepesi alilorithi kwa Bibi, mama yake. Kwetu mtu akiumwa na nyoka huchanjwa, jiwe likabandikwa mpaka lidondoke lenyewe, kisha likatiwa kwenye maziwa liteme sumu. Shangazi alishaleta bakuli la maziwa nilipompandisha Yona kwenye pikipiki ya kijana wa bodaboda, nikakaa nyuma yake nikamshika, tukaondoka. Alitufuata kwa lori la mkaa. Alipofika aliniambia neno moja tu: "Akifa, umemuua wewe."

Mimi ni mbishi, ukoo mzima unajua. Kuhusu jiwe lile nimebishana tangu nikiwa msichana. Lakini usiku ule maji yalinifika shingoni, ubishi wote ukaniishia, nikasinzia na hofu yangu.

Nikajiona nimekaa juu ya mwamba kando ya korongo letu, mchana, jua kali, mchanga mweupe usio na tone la maji. Bibi alikuwa anakuja katikati ya korongo. Alikufa mgongo umepinda. Sasa amenyooka, kavaa kaniki mpya, anatembea pekupeku juu ya mchanga wa moto wala hajali.

"Mke mwenzangu," ananitania kama zamani, "wageni wanafika na wewe umelala?"

Anapiga kofi, na korongo linaamka. Kichuguuni wanatoka nyoka vipofu, wembamba kama minyoo, wale wanaoishi kwa kula mchwa na watoto wa mchwa. Mchangani anachomoza yule mfupi mnene ambaye watu huapa kwamba ana vichwa viwili, kumbe kimoja ni mkia. Kwenye mgunga anateremka mla mayai, shingo imetuna kwa yai la njiwa, anasugua magamba yake yalie ili tumdhanie mkali. Yule wa mistari, anayewinda mijusi saa ambazo hata mbuzi wanatafuta kivuli, anakatiza mbele yetu mbio. Anafuata wa kahawia anayelala chini ya kihenge cha mtama na kula panya. Sijawahi kuona nyoka wengi namna hiyo, na siogopi. Nawaona wazuri.

"Hawa ndio walionipa jina," anasema Bibi. "Hata wakiuma, hawaui. Mtu analetwa anatetemeka, nabandika jiwe, kesho yuko shambani analima. Nikaitwa mganga. Mkono mtupu haulambwi, na kuku wao nikala."

Anacheka mpaka anashika mbavu. Nami nacheka, maana ndiyo maneno niliyokuwa nikiyatafuta miaka yote ya ubishi wangu.

Sasa tuko jikoni kwake, jiko lile lililobomoka zamani, ila mchanga wa korongo umejaa sakafuni. Kizingitini wamelala watatu. Kifutu, mnene, mvivu, asiyempisha mtu njia. Swila, kifua kimetanuka, anayetema sumu machoni. Na koboko, mrefu, wa kijivu, kinywa cheusi ndani. Bibi hacheki tena.

"Na hawa, Bibi?"

"Hawa ndio walionifanya mjane."

Babu amesimama nyuma yao na fimbo yake. Aliumwa na koboko kabla sijazaliwa. Tuliambiwa jiwe lilifanya kazi yake, ila siku ya Babu ilikuwa imefika. Nyuma yake wapo wengine, watu wa makaburi ya kwetu waliobandikwa jiwe, wametulia tu. Hakuna anayemlaumu Bibi, na hilo ndilo linaloniliza.

Hapo nasikia pikipiki. Inakuja juu ya mchanga, Yona amepakiwa nyuma, anapunga mkono kama bwana harusi. Wafu wanapisha. Koboko anapisha. Hata kifutu anajivuta pembeni. Babu ananyanyua fimbo juu, wanawake wanapiga vigelegele, na furaha inanijaa.

Bibi ananishika sikio, kama alivyonishika nilipokuwa mtoto.

"Mwambie binti yangu Lea. Jiwe halikimbii, pikipiki inakimbia. Anayeumwa atangulie hospitali. Na hawa wa korongoni msiwachome moto, maana mtama wenu atawalindia nani?"

Nikaamka, sikio linawaka. Kumekucha. Nesi alikuwa amesimama mlangoni.

"Ndugu wa Yona ni nani? Uvimbe umeanza kushuka. Anasema ana njaa."

Shangazi alisimama, akakaa tena, akalia. Nikapiga magoti mbele yake nikamsimulia ndoto yote, bila kuruka kitu. Maneno ya madaktari yalikuwa hayamwingii, lakini kwetu neno la marehemu halipingwi, tena la marehemu mwenye jiwe lake. Aliuliza jambo moja tu.

"Mgongo wake je?"

"Amenyooka, Shangazi. Kama msichana."

Akafuta macho kwa ncha ya khanga, akatoka uani, mahali ndugu zetu waliofika alfajiri walikuwa wamekaa na chupa za uji, nyuso zimesawijika kama wamekuja msibani. Nikamfuata.

"Sikilizeni!" alisema kwa sauti ya juu. "Yona ni mzima. Na Mama amekuja, ametoa amri. Mwenye jiwe ni mimi. Kuanzia leo, atakayeniletea mtu aliyeumwa na nyoka kabla hajamfikisha hapa, nitamchapa fimbo mbele ya wakwe zake!"

Vigelegele vikalipuka. Nesi alitoka mbio kutunyamazisha, akisema kuna wagonjwa. Hakuna aliyenyamaza, na mwenye kelele kuliko wote nilikuwa mimi.